Sura ya Saba: Kioo Kilichoacha Kulia

Magari thelathini na moja yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja wa mahakama, pua zote ukutani, kama wanafunzi waliotolewa darasani kwa kupiga kelele. Saa saba mchana, jua utosini, na uwanja mzima hauna mtu. Watumishi walikuwa wametolewa nje ya ukuta, wamekaa chini ya turubai, funguo zao zimekusanywa kwenye sinia moja mezani. Ndani ya gari jeupe la karani mtu alikuwa amesahau redio ndogo ya betri juu ya dashibodi. Mtangazaji alikuwa anasoma matokeo ya mpira kwa sauti ya chini, taratibu, anavisomea viti.

Inspekta alisimama katikati ya uwanja na mkoba wake begani. Kituo kizima kinamwita Shangazi, kwa sababu anagombeza kama shangazi na kucheka kama shangazi, na ukimdanganya anakutazama kama shangazi anayejua sukari imeishaje.

"Hapa pamekaa kama nyumba ya watu waliohama usiku," alisema. "Taratibu, umemaliza?"

Miguu miwili ilitoka chini ya gari la mwisho, kisha tumbo, kisha uso wenye vumbi mpaka kwenye kope. Huyo ndiye fundi wa kitengo cha mabomu. Jina alilopewa na mama yake halikumbukwi na mtu. Wenzake wanamwita Taratibu, na vidole vyake vyote kumi bado viko mahali pake, kwa hiyo jina limemfaa.

"Nimelala chini ya magari thelathini na moja, Shangazi. Nimekagua matairi, matangi, ekzozi, kila kona. Hakuna kupe."

Kupe ndilo jina walilokuwa wameupa ule mkebe. Jumanne ya kwanza ulikutwa umeng'ang'ania kwa sumaku chini ya gari la karani, mtupu, hauna hata msumari ndani. Watu wakacheka, japo kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Jumanne ya pili mkebe haukuwa mtupu. Ulilipuka saa saba na nusu mchana chini ya pikapu ya mahakama, watu wakiwa wameenda kula, na mtunza bustani aliyekuwa anamwagilia maua hatua kumi kutoka pale hajasikia neno tangu siku hiyo. Amerudi kazini na pamba masikioni. Anamwagilia maua yale yale, na kila akimaliza anageuka kutazama nyuma.

Siku zote mbili, daftari la ukaguzi lilikuwa na neno moja mbele ya kila gari, kwa mwandiko mmoja, wa mlinzi anayekagua magari kwa kioo: safi.

Leo ilikuwa Jumanne ya tatu, na Shangazi hakutaka kungoja simu. Alikuja mwenyewe saa sita na nusu, nusu saa kabla ya watu kwenda kula, akafunga geti, akatoa watu wote nje, akapekua mifuko, ofisi, mapipa ya taka na matangi ya maji ya vyooni. Hakupata kitu.

"Sasa umeridhika, Inspekta?"

Sauti hiyo ilitoka kibandani. Mkuu wa walinzi, ambaye hapo mahakamani anaitwa Msimamizi tu, alikuwa mlangoni na daftari kwapani, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa mtu wa adabu. Hata salamu yake ilikuwa na mstari wa juu na mstari wa chini.

"Mie kuridhika kwangu huwa Ijumaa, Msimamizi," alisema Shangazi. "Leo Jumanne."

"Nimezungumza na mkuu wako. Saa tisa kamili, kama hakuna kilichopatikana, geti linafunguliwa, hakimu anapanda gari lake anakwenda nyumbani, na yule mlinzi wa kioo anakwenda mahabusu. Mara mbili ameandika safi, mara mbili tumekuta mkebe. Ama ni kipofu ama ni yeye." Alishusha sauti. "Najua ni shemeji yako. Ndiyo maana nakuambia mapema, usije ukaumia mbele za watu."

"Umenifikiria sana. Kile kioo nani mwingine anakigusa?"

"Hakuna. Ni kanuni yangu. Kinalala kibandani, anakichukua yeye, anakirudisha yeye. Hata mimi sikigusi."

"Hata wewe," alisema Shangazi, akaangalia saa yake. Saa saba na dakika kumi na mbili.

*

Mlinzi wa kioo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono magotini. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Shangazi, mtu mrefu, mwembamba, na uwanja mzima ulimwita Bwana Safi kwa sababu ya lile neno lake la daftarini. Miaka kumi na moja alikuwa akisukuma kioo chake chini ya magari ya watu: kioo kipana kama sinia, kimelazwa juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu matatu madogo, na mpini mrefu wenye tochi.

"Shemeji," alisema Shangazi, "nimesikia unahamia kwangu. Nikutandikie godoro au utakuja na lako?"

Bwana Safi alijaribu kucheka. "Shemeji, usinitanie leo. Nimeangalia. Naapa nimeangalia. Kila gari nimelipitisha kioo asubuhi, kama kawaida."

"Nakuamini. Lakini imani yangu haifungui pingu. Simama, twende ukanionyeshe kazi. Magari yameshapitiwa na Taratibu, hayana kitu. Sasa nataka nijue wewe ukiangalia unaangalia nini."

Aliinuka, akashika mpini, wakaanza na gari la kwanza. Kioo kiliingia chini ya gari kimya kimya, kikatoka kimya kimya. Bwana Safi alipumzika kidogo, akajishika kiuno.

"Umri huu, shemeji. Leo kioo kizito kama kimeshiba."

"Wewe ndiye umeshiba. Endelea."

Gari la pili. La tatu. Redio ya karani ilikuwa imemaliza matokeo, sasa ilikuwa inataja hali ya hewa. Gari moja lilikuwa na kidoli cha mtoto kimening'inia kwenye kioo cha ndani, na kidoli kilikuwa kinazunguka polepole, kulia, kisha kushoto, na hapakuwa na upepo. Shangazi alikitazama mpaka akajichukia.

"Unaangalia nini?" aliuliza.

"Kilichozidi. Msimamizi ndivyo alivyotufundisha. Chini ya gari pana vitu vyake: tangi, bomba, springi. Ukiona kitu kimezidi, unapuliza filimbi. Usipoona, unaandika."

"Na vumbi?"

"Vumbi kila gari linalo. Si unaiona barabara, tangu waifumue tunapita kwenye matope. Magari yote chini yamepakwa kama ukuta wa udongo." Alisukuma kioo chini ya gari la nne. "Nikianza kuandika vumbi daftari halitatosha."

Geti dogo lilifunguliwa. Askari alimwingiza kijana mmoja aliyelowa mpaka magotini, ndoo mkononi. Huyu alikuwa muosha magari, jina lake la uwanjani Povu, na alikuwa amekamatwa nyuma ya choo dakika tano baada ya polisi kufika, akijaribu kupanda ukuta na ndoo yake.

"Mtu anayekimbia na ndoo," alisema Shangazi, "ama anaiba ndoo, ama anaipenda kuliko maisha. Wewe ni yupi?"

"Mama, mimi niliona polisi nikakimbia. Ndivyo nilivyozaliwa."

"Unachutama kwenye magari ya watu siku nzima na hakuna anayekushangaa. Ningekuwa nataka kuweka kupe, ningeomba kazi yako."

Povu aliweka ndoo chini. "Mimi naosha juu tu. Chini siendi. Nani anaangalia chini?"

"Chini ya haya magari hukupitisha mkono leo?"

"Hata kidogo. Na ningepitisha ungejua. Sabuni na maji yakigusa matope yale yanashuka kwa michirizi, yanachora kama machozi. Mpaka yakauke na yapigwe vumbi jipya, ni siku mbili." Alisita. "Nilikimbia kwa sababu ya maji. Maji ni ya bomba la mahakama. Msimamizi alishanikataza."

Shangazi alimtazama miguuni, akaitazama ndoo, kisha akamtazama Bwana Safi, ambaye alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma.

"Kaa pale," alimwambia Povu. "Usikimbie tena. Safari hii ndoo itabaki kwangu."

Kwa mtu yeyote mwingine, Povu angetosha. Alichutama, alijificha, alikimbia. Lakini maneno yake yalikuwa yamemwachia Shangazi kitu, na aliporudi kwenye magari alimnyang'anya shemeji yake tochi.

"Wewe angalia kilichozidi," alisema. "Mimi naangalia kilichopungua."

*

Gari namba kumi na saba lilikuwa la kijivu, la hakimu. Kioo kilipoingia chini yake, Shangazi alijiona kwanza yeye mwenyewe: shingo ndefu, uso umegeuzwa juu chini, na nyuma yake mbingu imelala sakafuni. Akausogeza mwanga. Matope, matope, matope yaliyokauka na kupasuka. Tangi. Matope. Kisha, chini kabisa ya upande wa dereva, mahali pasipo na matope.

Palikuwa na ukubwa wa kiganja. Palikuwa na pembe nne zilizonyooka. Chuma kiling'aa kama jino.

Hakuna kitu kilichokuwa kimebandikwa pale. Palikuwa patupu, pasafi, na katikati ya uchafu wote ule palitisha kuliko mkebe wowote, kwa sababu mkebe ungekuwa umeshafika. Hapa palikuwa mahali palipotandikiwa mgeni asiyeonekana.

"Taratibu," aliita, bila kupaza sauti. "Hapa ulipaona?"

Taratibu alipiga magoti, akachungulia. "Nilipaona," alisema. "Nikasema afadhali, hapa hakuna kitu. Nikapita."

"Na mimi nilipaona asubuhi," alisema Bwana Safi. "Nikaandika safi."

Hakuna aliyemcheka. Neno hilo lilikaa hapo katikati yao watatu kama mtu wa nne.

"Sumaku haishiki matope," alisema Taratibu. "Inataka chuma. Mtu akitaka kubandika haraka, anafuta kwanza, anakwenda zake. Halafu anarudi."

Shangazi alilaza kipande cha boksi chini, akajilaza juu yake na sketi yake ya kazi na miaka yake hamsini na miwili, akaingiza kichwa. Hapakuwa na michirizi. Povu alikuwa amesema kweli: aliyefuta hapo hakutumia maji. Kwenye ukingo wa matope palikuwa pamenasa uzi mweupe, laini, mfupi kuliko kope. Aliuchomoa kwa kibano, akatoka nao.

"Pamba," alisema mtu nyuma yake.

Msimamizi alikuwa ameshafika, amesimama hatua kadhaa kutoka garini. Viatu vyake havikutoa sauti alipotembea. "Naona ni pamba, Inspekta. Hapa uwanjani nawajua wawili wenye pamba. Mmoja ameiweka masikioni." Akamgeukia Bwana Safi. "Mwingine anafutia kioo."

Bwana Safi aliweka mkono kwenye mfuko wa shati. Hakuhitaji kuutoa, bunda la pamba lilikuwa linachungulia hapo, na chupa ndogo ya spiriti pembeni yake.

"Ya kibandani hiyo," alisema. "Kila mtu anachukua."

"Anayekuwa chini ya magari na pamba mkononi ni wewe." Msimamizi hakuonyesha furaha. Alionyesha masikitiko, na aliyakunja vizuri kama shati lake. "Saa nane na dakika ishirini na tano, Inspekta. Sijui kama ipo haja ya kungoja saa tisa."

Shangazi alijipangusa vumbi viwikoni, polepole, upande mmoja, kisha upande wa pili. Alikuwa amekamata watu kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Angekuwa mlinzi wa kioo mwingine, asiyekula kwake kila Jumapili, pingu zingekuwa zimeshalia.

"Msimamizi," alisema, "kawatulize watu wako kule nje. Hakimu asije akaanza kutuhukumu sote kwa njaa. Saa tisa ni saa tisa."

Alimsubiri mpaka akapita geti. Kisha akageukia magari.

"Tuseme hivi. Asubuhi mtu amefuta chini ya gari la hakimu. Kupe alikuwa aletwe watu wakienda kula, kama wiki iliyopita. Lakini mimi nilifunga geti kabla ya chakula. Kwa hiyo kupe hakuletwa. Yuko wapi?"

"Nje," alisema Taratibu.

"Getini kila mtu anapekuliwa asubuhi na mchana, mpaka hakimu anafungua mkoba. Mwenye akili angekipitisha kitu chake kabla ya wengine kufika, akakificha humu ndani, kikangoja. Sisi tumepekua kila kilichomo humu."

"Kila kitu," alisema Taratibu.

"Kila kitu," alisema Bwana Safi, akaanza kukivuta kioo chake kutoka chini ya gari la kijivu.

Shangazi alisikia kitu, akageuza shingo. Ilimchukua muda kujua alichokisikia, kwa sababu hakikuwa sauti. Redio ya karani ilikuwa imekufa betri. Kioo kilitembea juu ya changarawe na hakikulia.

Alikuwa amekula kwa shemeji yake na shemeji yake kwake kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo mzaha ulikuwa mmoja: kwamba kioo cha Bwana Safi kinalia kama paka aliyebanwa mlangoni, kwamba wezi wa magari humsikia tangu barabara kuu, kwamba mahakimu wamezoea kusimamisha kesi mpaka apite. Marehemu mumewe alikuwa akiiga sauti ile mezani, watoto wakacheka mpaka maji yakawatoka puani.

"Shemeji," alisema. "Simama hapo hapo. Usikivute, usikisukume."

Bwana Safi alisimama, mpini mkononi.

"Kioo chako kimeacha kulia tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi. Nilishangaa. Nikasema labda kimepona chenyewe."

"Hukukitia mafuta?"

"Mafuta ya nini? Nimekizoea kinavyolia."

"Na uzito umeanza lini?"

Shangazi aliona vidole vyake vikibadilika rangi juu ya mpini.

"Leo asubuhi," alisema.

"Magari yote yanakaguliwa na kioo. Kioo kinakaguliwa na nani?"

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Kule ng'ambo mtu alikohoa chini ya turubai, na ilisikika kama amekohoa sikioni mwao.

Shangazi alifungua mkoba, akatoa kikopo chake cha poda, kile chenye kioo kidogo ndani ya kifuniko. Alilala tena juu ya boksi, safari hii mbele ya miguu ya shemeji yake, akakisukuma kile kioo kidogo chini ya kioo kikubwa kwa ncha ya rula ya Taratibu, akaelekeza tochi.

Aliona jicho lake. Halafu, juu ya jicho lake, mgongo wa kioo: chuma cheusi, na juu ya chuma, umelala kwa raha kama mtoto mgongoni kwa mama, mkebe uliozungushiwa utepe mweusi.

"Yupo," alisema.

"Shemeji," alisema Bwana Safi kutoka juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "miguu inataka kutetemeka. Naiambia isitetemeke, haisikii."

"Iambie imsubiri Taratibu. Umekisukuma tangu asubuhi kwenye mawe na hakikufanya kitu. Hakitaanza sasa hivi kwa sababu tumekiona. Legeza kidole kimoja. Kingine. Mpini ulaze kwenye bampa la hakimu. Hivyo. Sasa njoo kwangu kinyumenyume, kama unatoka kwenye nyumba uliyokuta watu wamelala."

Alikuja. Hatua thelathini alizihesabu kwa sauti, na alipofika ya thelathini alikaa chini na kutazama mikono yake kama mikono ya kuazima.

*

Taratibu alifanya kazi yake peke yake, nyuma ya ngao, na kwa muda wote huo hakuna lililoonekana ila kisogo chake. Saa tisa kasoro dakika nane alisimama, akainua kidole gumba. Alikuja na mkebe mtupu kwenye mfuko wa ushahidi. Kilichokuwemo alikifungia kwenye sanduku lake la chuma.

"Alikuwa amelala," alisema. "Hakuwa ameamshwa, ila anayemjua hawezi kuthubutu kumkaribia bila ngao. Alikuwa anangoja mkono wa kumtoa pale, kumbandika kwa hakimu na kumwamsha."

"Alama za vidole?"

"Glavu. Lakini magurudumu yamewekwa mafuta ya cherehani. Mazuri, hayana harufu."

Shangazi alitafuna shavu lake la ndani. Aliyekitia mafuta alitaka kioo kitembee bila Bwana Safi na kisisikike. Alfajiri, wakati wa kumpandisha kupe. Mchana, wakati wa kumshusha, Bwana Safi akiwa anakula, watu wote wakiwa wanakula. Kibandani angeweza kuingia na mafuta mlinzi yeyote, karani yeyote, hata Povu na ndoo yake. Wote walikuwa pale chini ya turubai, watu arobaini na kitu, na zilikuwa zimebaki dakika nane.

"Wale kule nje wanajua tumepata kitu?"

"Ukuta ni mrefu. Wanajua tunachelewa tu."

"Basi tusiwaambie. Shemeji, miguu imekusikia?"

"Imeanza."

"Kioo sasa ni kioo tu. Taratibu amekifuta ndani nje. Nataka ukisukume kwa mara ya mwisho leo, na unisamehe."

Saa tisa kamili geti lilifunguliwa. Shangazi alitoka, akapanda juu ya kiti cha turubaini, akatangaza kwa sauti ya kuchoka kwamba hakuna kilichopatikana, magari yote ni safi, watu wapange mstari mezani wachukue funguo zao. Kulikuwa na miguno, na vicheko vya watu wenye njaa. Mstari ukajipanga. Msimamizi alisimama kwenye meza ya funguo na daftari lake wazi, na askari wawili wakaenda kusimama pande mbili za Bwana Safi, kama watu wanaongoja amri.

"Akabidhi kioo chake kwanza," alisema Shangazi. "Halafu twende naye."

Bwana Safi alikitoa kioo getini, akaanza kusukuma. Alipita kandokando ya mstari, karibu kabisa, kioo kikigusa viatu vya watu. Shangazi hakukitazama kioo. Alitazama viatu.

Karani wa kike aliinama akajiweka sawa kilemba. Dereva mmoja alimwambia Bwana Safi pole, kaka, akaweka mguu juu ya fremu kufunga kamba ya kiatu. Povu alijitazama meno. Mtunza bustani, ambaye hakuwa amesikia lolote, aliusogeza mpira wake wa maji ili kioo kipite. Hakimu mwenyewe alikiruka bila kukitazama, akiendelea kusoma simu. Watu thelathini, watu arobaini, na hakuna kiatu kilichorudi nyuma.

Bwana Safi alifika mezani. Akakisukuma kioo mpaka mbele ya viatu vya Msimamizi, vile visivyolia, akasimama.

"Sahihi yako, mkuu. Nakikabidhi."

Msimamizi alirudi nyuma hatua moja.

Uso wake ulikuwa wa adabu kama kawaida. Bwana Safi alisogeza kioo kidogo, kama mtu anayetaka kurahisisha mambo, na Msimamizi akarudi nyuma hatua ya pili, ya tatu, akakumba kiti, daftari likaanguka wazi juu ya kioo, na yeye akaruka kando kwa mkono mbele ya uso. Kisha mgongo wake ukagota ukutani.

Mstari wote uligeuka.

"Kiondoe," alisema Msimamizi.

"Kiondolewe kwa nini, Msimamizi?" aliuliza Shangazi. Alikuwa ameshashuka kitini. "Ni kioo. Watu wamejipangia vilemba hapo."

"Kiondoe hapa."

"Ulisema hata wewe hukigusi. Nilidhani ni kanuni. Kumbe ni woga." Alimwonyesha mfuko wa ushahidi na mkebe mtupu ndani yake, akamwachia muda wa kuutazama. "Tumeshamshusha kupe wako. Unaweza kuvuta pumzi. Ila vuta ukiwa umegeukia ukuta na mikono nyuma."

Kwenye kabati lake la kibandani, chini ya mashati mawili yaliyopigwa pasi, walikuta chupa ya mafuta ya cherehani, nusu, na jozi ya glavu. Msimamizi hakusema hakimu alimkosea nini. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari la polisi aliomba kitu kimoja tu: waangalie kwanza chini.

"Wenyewe wameshaangalia," alimjibu Shangazi. "Wameandika safi."

Askari aliyemshika mkono alikuwa wa kwanza kuinama kuchungulia.

Uwanja ulijaa tena. Milango ilifungwa kwa nguvu, injini zikaamka, mmoja akapiga honi bila sababu yoyote ila kuisikia. Kila dereva, kabla ya kuingia, aliinama. Hata hakimu, na tai yake ikagusa matope.

Shangazi alimkuta shemeji yake nyuma ya kibanda, amekipindua kioo miguu juu. Bunda la pamba lilikuwa gotini na chupa ya spiriti imefunguliwa. Alikuwa anafuta magurudumu, moja baada ya jingine, anachimba kwa ukucha mpaka ndani kwenye ekseli, na pamba ilikuwa inatoka nyeusi.

"Waachie hao wa ushahidi, shemeji."

"Wameshachukua yao. Haya ni yangu."

Alipomaliza gurudumu la tatu alikigeuza, akakiweka chini, akakisukuma. Kimya. Akakirudisha. Akakisukuma tena, kwa kasi zaidi, na mahali fulani katikati ya changarawe kikaanza, kwanza kama mluzi, kisha kama paka aliyebanwa mlangoni, sauti ile ile mbaya ya miaka kumi na moja, ikapita juu ya injini zote na kufika mpaka getini.

Madereva waligeuka. Mtu alicheka.

Bwana Safi alizunguka uwanja mzima nacho, mara mbili, hakuna alichokuwa anakagua.